Mbwa Hapumzishwi, Anauawa

Siku ya kuniaga mlinifunika kitenge, mkanikabidhi saa ya ukutani, mkanilisha pilau, kisha mmoja wenu akasimama akaniomba niwaandikie machache niliyoyaona kazini ili yawasaidie ninyi mnaobaki. Kwa pilau nawashukuru. Saa nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri. Haya machache nimeyaandika nikiwa na hasira. Nilijaribu kusubiri zipoe, zikakataa, kwa hiyo yasomeni hivyo hivyo.

Najua mlitarajia ng'ombe. Ng'ombe nimewahudumia mpaka mabega yangu yote mawili yameharibika, na siku nyingine nitawaeleza habari za kuzalisha ndama aliyegeuka tumboni huku mwenye ng'ombe, wakwe zake na jirani zake wote wanakupa maelekezo. Lakini mwenye ng'ombe haleti ng'ombe mzima umuue kwa sababu amemchoka. Kwa mbwa, hilo hutokea kila wiki. Mtu anakuja, anasema neno moja, na anategemea wewe uchukue bomba la sindano bila kuuliza. Nitawaeleza kuhusu hilo neno moja.

Nilianza kazi Misungwi. Siku ya kwanza nilifika joshoni, ng'ombe wanakoogeshwa, nikiwa nimevaa viatu vyeupe, maana shangazi yangu alinifundisha kwamba mtumishi wa serikali hupokelewa kwa viatu. Kabla ya saa nne vilikuwa na rangi ya dawa ya kupe, na ng'ombe mmoja alikuwa amekwisha kunipiga mkia usoni mbele ya wafugaji wote. Bwana mifugo aliyenipokea, Mzee Lubango, hakucheka. Alinipa mabuti ya mvua yaliyonizidi saizi akasema, "Binti, vile viatu wapelekee watu wa kanisani." Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilifundishwa magonjwa.

Mbwa wangu wa kwanza aliletwa hapo hapo Misungwi na mkulima mmoja, amemfunga kamba ya katani, anamburuta. Alisema mbwa amekuwa mkali, anang'ata watu, auawe. Mimi nikaanza kutayarisha dawa. Mzee Lubango akaenda kukaa juu ya jiwe, akamwambia yule mkulima naye akae. Wakazungumza mpaka nikachoka kusimama. Mbwa anakula nini? Analala wapi? Ukali ulianza lini? Kabla ya mvua au baada ya mvua? Nani humpiga? Nani wa nyumbani anaweza kumkaribia? Mwisho ikaonekana kwamba mbwa alianza kung'ata tangu alipopigwa jembe mgongoni na shemeji wa mwenye nyumba. Mzee akamkagua, akampa dawa, akamwambia mwenye mbwa arudi naye wiki inayofuata na yule shemeji asimkaribie. Walipoondoka nikamwuliza kwa nini tumepoteza asubuhi nzima kwa mbwa mmoja. Akasema, "Sindano ikishaingia, hakuna utakayemwuliza tena."

Msinielewe vibaya. Sijawahi kuwa mtu wa kusema mbwa wote waishi. Nilipohamishiwa mjini, Igoma, alinijia mwalimu mmoja mjane na mbwa aliyemlea tangu akiwa mdogo, amechanjwa, anakula vizuri, hajafungwa hata siku moja. Mbwa huyo alikuwa amemrarua uso mtoto wa jirani, na kabla ya hapo alikuwa amemshambulia mtoto mwingine. Tulimtazama kwa kila namna. Tulitafuta maumivu, hatukuyapata. Tulitafuta mahali pa kumpeleka pasipo na watoto, Tanzania nzima ina watoto. Yule mwalimu akaketi chini sakafuni, akampakata kichwa, nikamchoma mimi. Tulilia wote wawili, halafu tukaenda kunywa soda kwa sababu hatukujua la kufanya. Sijutii. Mtoto ni mtoto. Asije mtu akasema mama huyu anawaonea mbwa huruma kuliko watu.

Anayenichemsha ni mwingine, na huyo ndiye wa kila siku. Huyo hachukui mbwa ili awe naye. Anachukua mbwa ili majirani wamwogope. Mnazijua njia zake, wengine mmekua nazo nyumbani kwenu. Mbwa mdogo anafungwa tangu hajabadilisha meno. Mchana anafungiwa ndani ya pipa au kibanda cha mabati ambako hata mkaa ungelalamika joto, asione mtu, asizoee sura. Katika ugali wake wanatia pilipili kichaa eti ili damu ichemke. Kisha wanampa jina la kuwasema majirani. Mwanza nimechanja mbwa wanaoitwa Mtachoka, Semeni, Wivu Wenu na Umbeya Hauna Faida. Mtu akiwa na ugomvi na jirani juu ya mpaka wa kiwanja, hamwambii jirani. Anasimama uani jioni anamwita mbwa kwa sauti kubwa.

Na baada ya kumtengeneza hivyo, siku anang'ata, mwenye mbwa anakuja ofisini amevaa shati la kupigwa pasi na kusema, "Mama, naomba umpumzishe." Kumpumzisha! Amechoka na nini? Amefanya kazi gani zaidi ya ile uliyomtuma? Hilo ndilo neno moja nililolisema mwanzoni. Nimelisikia kwa wafanyabiashara, kwa watumishi wenzetu, kwa watu wa maombi. Sasa nalisikia kwenu pia, tena mnalitamka vizuri kuliko wao.

Kisa kilichonifanya niandike kilitokea mwaka wangu wa mwisho kazini. Baadhi yenu mlikuwapo, lakini mlikiona vipande vipande.

Kulikuwa na Bwana Mashauri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo Mabatini, karibu na ofisi yetu. Nyumba yake iko juu kwenye miamba, ukuta mrefu, geti jeusi lenye maandishi ya Mbwa Mkali. Mbwa mwenyewe aliitwa Hamniwezi. Asubuhi moja Bwana Mashauri alifika na pikapu, Hamniwezi yuko nyuma amefungwa mnyororo kwenye chuma cha gari, anatoa povu kwa kubweka. Kila mtu uani akahamia barazani. Bwana Mashauri akashuka upande wa dereva, akasimama mbali na mbwa wake kama sisi wengine.

"Shikamoo mama. Nimeleta huyu. Mpumzishe, tumalizane, nina mzigo wa saruji unashushwa."

"Marahaba. Amefanya nini?"

"Amemng'ata binti wa kazi mkononi. Jana."

"Binti yuko wapi?"

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza saruji iko wapi. "Yuko nyumbani. Anafua."

Nikamwambia mbwa hauawi leo. Ninyi mnajua sababu, lakini naiandika kwa ajili ya yeyote atakayeshika karatasi hii. Mbwa aliyemng'ata mtu hatujui kama ana kichaa cha mbwa au hana. Kwa kumtazama tu ukali wake huwezi kujua. Anafungiwa mahali salama siku kumi, anapewa chakula na maji, haguswi, anaangaliwa. Kama ana ugonjwa kwenye mate, ndani ya siku hizo utamwangusha. Akizimaliza akiwa mzima, mtu aliyeng'atwa yuko salama. Ukimuua siku ya kwanza umejifungia mlango mwenyewe. Na ugonjwa ule, ukishaanza kumwonyesha mtu dalili, hakuna daktari wa kumrudisha.

Bwana Mashauri akasema kwao wanajua hivi: mbwa akifa, sumu yake inakufa naye, lakini akiachwa hai, sumu inaendelea kuishi ndani ya aliyeng'atwa. Mke wake ndiye aliyesisitiza. Nimelisikia hilo mara nyingi upande huu wa ziwa, na huwa najibu kwa upole. Siku ile sikuwa mpole. Nilimwambia, "Mbwa huyu ndiye daktari pekee tuliye naye wa yule binti. Ukimuua, umemuua daktari." Akasema mbwa ni wake. Nikasema mkono si wake. Tukamwingiza Hamniwezi kwenye kizimba cha zege kwa kutumia fimbo ya kitanzi, na Bwana Mashauri akaenda kwenye saruji yake.

Nikapanda mwenyewe kule miambani. Binti alikuwa anafua kweli. Jina lake Kabula, kwao ni vijiji vya Misungwi, umri kama ishirini na kitu. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kipande cha khanga, na nilipokifungua nikakuta majani ya chai yameshindiliwa ndani ya majeraha. Nikamkalisha bombani na sabuni, nikauosha ule mkono kwa maji yanayotiririka muda mrefu, naye ametulia anaangalia pembeni. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, akaniambia nisimalize maji ya tangi.

Hospitali tuliyokwenda kwanza alipata sindano ya mwanzo ya chanjo. Nyingine hazikuwapo mjini kwa wiki ile, wakatuambia tuulize kwingine. Nikapiga simu kila mahali ninapofahamika, mpaka nikasikia kwamba Sengerema wamebakiwa na chache. Hapo ndipo mambo yalipokuwa: Kabula ana sindano moja mwilini, ya pili iko ng'ambo ya ziwa, za mbele yake hakuna anayejua zitatoka wapi, na mbwa yuko kizimbani anakula. Kila siku aliyoamka mbwa salama ilikuwa siku moja zaidi ya matumaini kwa Kabula.

Naye alilielewa hilo kuliko wote. Kila alasiri, akitumwa sokoni, alipita ofisini kwetu. Alisimama mbali na nondo za kizimba.

"Shikamoo mama. Ameamkaje?"

"Marahaba. Amekula, amekunywa maji."

"Maji amekunywa?"

"Amemaliza bakuli."

Basi anapumua, anaondoka. Kilichonishangaza ni mbwa. Hamniwezi alitaka kumrukia kila mtu shingoni, mimi nikiwa wa kwanza. Akimwona Kabula alinyamaza na mkia unaanza kwenda. Nikamwuliza binti kwa nini. Akasema, "Ni mimi namlishaga, mama. Tangu mdogo. Hakuna mwingine anayemsogelea pale nyumbani." Nikauliza, hata baba mwenye nyumba? Akacheka kidogo, mara ya kwanza. "Baba humrushia tu mawe ili abweke wageni wakija."

Siku ya kwenda Sengerema nilikwenda naye mwenyewe, kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa amesema hawezi kuacha kazi zilale, na nilitaka kuona kama atanikatalia mimi usoni. Hakunikatalia. Ofisini nilimwacha Daudi. Nalitaja jina lake kwa ruhusa yake, na ninyi mnamjua: kijana mzuri, mikono yake ni myepesi, mshipa haumkwepi. Nikamwambia yule mbwa asiguswe. Akasema sawa mama.

Njiani Kabula alinieleza alivyong'atwa. Mbwa alikuwa ameanza kukataa chakula. Alikuwa anainamisha kichwa, akilala anakoroma kama mtu mwenye mafua. Siku hiyo mnyororo ulikuwa umejizungusha kwenye nguzo, hafikii bakuli la maji. "Nikaingiza mkono shingoni nimfungulie, nimzungushe. Mayu wane, mama yangu! Akageuka akanidaka. Halafu akaniachia mwenyewe, mama. Akajikunyata kule pembeni, kama ameona aibu." Nikamwuliza kuhusu pilipili. Akasema ndiyo, aliagizwa aweke kila siku, lakini alikuwa akiitupa.

Sindano ya pili ilipatikana. Tukarudi tumechangamka, tumenunua maembe, tunacheka na wauzaji. Nilipoingia uani nikaona mlango wa kizimba uko wazi na bakuli la maji limepinduka. Kabula aliona kabla yangu. Aliweka mfuko wa maembe chini.

Daudi alikuwa mezani. Akasimama.

"Mbwa yuko wapi?"

"Nimempumzisha, mama. Mwenye mbwa alikuja. Amesaini."

"Alimng'ata mtu, Daudi. Siku hazijaisha."

"Najua, mama. Nilimwambia. Akasema kama sitaki, anamchukua sasa hivi na vijana wa dukani wanampiga nyundo, au anamtilia sumu kwenye nyama. Alikuwa na watu wanne. Nikaona bora afe kwa mkono wangu, asiteseke. Na ni mbwa wake, mama. Sheria inasema ni mali yake."

Kabula alikuwa bado amesimama mlangoni. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa mimi nitajuaje?"



Nataka niseme jambo kuhusu maneno ya Daudi, kwa sababu ninyi wote mtayasema siku moja, kama hamjayasema tayari. Si maneno ya mjinga. Nimewahi kuyasema mimi, na kuna siku yalikuwa kweli. Lakini angalieni yanafanya nini. Mtu anakuja na ukatili wake mkononi, anakutisha nao, na wewe ili kumzuia unamfanyia kazi yake vizuri zaidi. Kesho atatisha tena kwa sababu ameona inafaa. Yeye anarudi nyumbani akiwa mtu aliyempeleka mbwa wake kwa daktari. Daudi angeweza kufunga geti. Angeweza kunipigia simu, angeweza kumpigia mtendaji wa mtaa, angeweza kupiga kelele watu wajae, maana Mabatini watu hujaa kwa jambo dogo kuliko hilo. Sheria hiyo hiyo aliyoitaja inatupa uwezo wa kumshikilia mbwa aliyeng'ata. Alichagua njia ambayo kila aliyekuwa na sauti uani aliridhika nayo. Mbwa hana sauti, na Kabula alikuwa ng'ambo.

Nilikasirika, na mtu mwenye hasira hafai kushika kisu. Ilikuwa imebaki njia moja tu ya kujua: kukata kichwa na kukipeleka maabara wakiangalie ubongo. Ni kazi mbaya na ya hatari, na kwa kawaida niliifanya mwenyewe. Siku ile nikamwambia Daudi avae aproni, glovu mbili mbili, miwani na barakoa. "Wewe uliyemuua ndiye utakayemkata."

Akaanza. Nilisimama kando yake na kisanduku cha barafu. Alipofika katikati ya shingo kisu kikagonga kitu, akakitoa, akajaribu pengine, kikagonga tena.

"Mama," akasema. "Kuna waya."

"Waya gani?"

"Uko ndani. Ndani ya nyama."

Nikainama. Ulikuwa waya wa kufungia nondo, ule mwembamba wa kijivu unaouzwa kwa kilo katika kila duka la vifaa vya ujenzi, umesokotwa mizunguko miwili. Mtu aliufunga shingoni mwa mbwa mdogo ili apate pa kupachikia mnyororo, kisha akasahau kwamba mbwa hukua. Shingo ilikuwa imenenepa juu yake, nyama ikafunga, manyoya yakaota juu. Chini tu, upande wa koo, ndipo palipokuwa pamebaki wazi, pamejaa usaha. Kila mnyororo ulipovutwa, kila alipobweka, kila alipomeza, waya ulimkata. Nanyi mnajua alivyong'atwa Kabula: aliingiza mkono shingoni.

Tulikuwa naye siku zile zote hatukuuona, kwa sababu mbwa wa karantini haguswi, na utaratibu huo ni sahihi. Lakini nyumbani kwake alikaa miaka mitatu. Miaka mitatu hakuna mkono uliowahi kumgusa mbwa yule isipokuwa wa Kabula, naye alikuwa akimpapasa kichwani tu, kwa woga. Daudi aliweka kisu chini, akatoka nje, akarudi, akamaliza. Hajawahi kutamka tena mbele yangu lile neno la kumpumzisha, na siku ya kuniaga ndiye aliyenibebea saa.

Kichwa kilisafirishwa. Majibu ya namna hiyo hayaji kwa siku moja, na muda ule wa kusubiri ndio ninaoulaani kuliko yote. Kule miambani walimtengea Kabula sahani yake na kikombe chake. Mama mwenye nyumba aliwakataza watoto wasikae naye mkeka mmoja. Hakuambiwa aondoke, maana nani angefua? Alikuwa akinipigia simu kila asubuhi kabla wenyewe hawajaamka. Alikuwa amesikia mahali kwamba mwenye ugonjwa ule huogopa maji.

"Shikamoo mama. Nimekunywa maji sasa hivi. Yamepita vizuri."

"Marahaba mwanangu. Vizuri."

"Nimekunywa vikombe viwili. Sijaogopa."

Mbwa angekuwa hai, ningekuwa namwambia amekula, amemaliza bakuli, na siku zikifika kumi Kabula angelala usingizi. Badala yake alikuwa anajipima mwenyewe kwa kikombe, gizani jikoni. Na mimi nikikata simu nilikuwa nakaa kitandani nikimtukana Bwana Mashauri kwa Kisukuma, lugha ambayo mama yangu alinikataza kuitumia kwa matusi.

Majibu yalikuja safi. Ubongo haukuwa na kitu. Hamniwezi hakuwa na kichaa. Nilimpigia Kabula hapo hapo, simu haikupokelewa, nikaamua kupanda miambani kwa miguu yangu na miaka yangu.

Bwana Mashauri alikuwa uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Kabula alikuwa anaanua nguo. Nikasema mbele ya wote wawili kwamba mbwa hakuwa na ugonjwa. Kabula alikaa chini pale pale kwenye zege na shuka mikononi, akaufunika uso nalo. Bwana Mashauri akapiga goti lake kwa kofi.

"Si niliwaambia! Nilijua tu. Mnapenda kutisha watu."

"Hakuwa na kichaa," nikasema. "Alikuwa na waya. Waya wa dukani kwako, ndani ya shingo, umeoza na nyama. Ulimfunga mwenyewe?"

Aliinamisha macho. Nilidhani, Mungu anisamehe, nilidhani anaona haya. Kumbe anafikiri. Akanyoosha kidole kuelekea kona ya ukuta. Pale palikuwa na pipa, na kando ya pipa mbwa mdogo mweusi, masikio bado yamelala, amefungwa shingoni kwa waya ule ule wa nondo, mpya, unang'aa.

"Huyu nimempata juzi," akasema. "Ukoo wa wakali kweli kweli. Sasa nikuulize, mama, wewe ni mtaalamu. Huyu akikua akazidisha ukali, nimlete kwako au nimpeleke moja kwa moja kwa yule kijana?"

Ninyi mnaosoma, hilo ndilo swali alilouliza. Hakuuliza kwa kebehi. Aliuliza kama mtu anayeuliza gari la taka hupita siku gani.

Kabula ndiye aliyenyanyuka. Alikwenda jikoni, nikasikia anafungua droo, akarudi na koleo la kukatia waya. Alipiga magoti kwenye pipa, akausokotoa waya taratibu, pale uliposhindikana akaukata. Akambeba mbwa, akampapasa shingo nzima, mbele na nyuma, kama anayetafuta kitu alichodondosha. Halafu akaja mpaka kwenye kiti cha plastiki.

"Pokea, baba."

Bwana Mashauri alipokea kwa sababu mbwa alisukumwa kifuani mwake. Alimshikilia mbali na shati kwa mikono yote miwili, miguu ya mbwa ikipiga hewa. Mbwa akaanza kutafuna mkanda wa saa yake.

"Wee Kabula! Mfunge huyu!"

"Hapana, baba. Mimi naenda kwetu Misungwi. Mtamlisha ninyi."

Alikuwa tayari ameingia ndani. Alitoka na mfuko mmoja na ndala mguuni, akaniamkia tena kana kwamba ndiyo nimefika, nikamwitikia, tukatoka getini pamoja. Nyuma yetu mbwa alikuwa analia, na Bwana Mashauri hakuthubutu kumweka chini asije akatoroka, wala kumsogeza karibu asije akamng'ata. Tulipoanza kushuka kwenye mawe akatupigia kelele kutoka juu ya ukuta.

"Mama! Mama mifugo! Sasa huyu anashikwaje?"

Nimewafundisha ninyi nyote namna ya kumshika mbwa mdogo. Ni jambo jepesi, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, unamweka kifuani asikie moyo wako. Nilikuwa na jibu. Nikamshika Kabula mkono ule wenye kovu ili asiteleze, tukaendelea kushuka.